Chumba Kimoja, Dirisha Moja: Karakana ya Mchongaji Huanzia Wapi?

Msomaji mmoja ameniandikia akisema kwamba amepata chumba cha mita tatu kwa nne chenye dirisha moja katika ukuta mrefu, na kwamba anataka kukigeuza kuwa karakana ya kuchongea sanamu ndogo na paneli za nakshi. Ameshaonyeshwa seti ya patasi na bobari (patasi zenye ncha iliyopinda kama tao) 24 ndani ya sanduku, pamoja na mashine ya grenda yenye kisahani cha meno, na anauliza kama anunue vyote viwili au aanze na kimoja. Mwishoni anaongeza kwamba fundi mzoefu amekubali kumpokea katika karakana yake kwa siku moja, lakini yeye hajui aangalie nini akifika huko.

Jibu langu kwa ufupi ni kwamba seti uiache dukani, grenda uisahau kwa sasa, na fedha ulizozitenga uzielekeze kwanza kwenye mambo matatu ambayo wanaoanza huyakumbuka mwisho: kuubana mti usitikisike, kuumulika ili vivuli vionekane, na kunoa. Zana za kukatia zinashika nafasi ya nne. Bobari nzuri ikiwa mikononi mwa mtu ambaye ubao wake unacheza juu ya meza, ambaye taa yake inafuta vivuli, na ambaye hana jiwe la kunolea, haitachukua muda kuwa chuma butu. Ilhali mwenye benchi zito, mwanga wa ubavuni na jiwe zuri anaweza kufanya kazi ya kuridhisha kwa bobari tano au sita tu.

Tuanze na dirisha, kwa kuwa unalo moja na hutaweza kulihamisha. Nakshi iliyochongwa kwa kina cha milimita tano au kumi haionekani kwa rangi bali kwa kivuli, na kivuli hupatikana pale mwanga unapoupitia uso wa mti kwa ubavu, karibu sambamba nao. Taa ndefu iliyofungwa katikati ya dari, ambayo wengi huifunga kabla ya kitu kingine chochote, humwaga mwanga kutoka juu na kufuta vivuli vyote, hata mchongaji akadhani uso umelainika ilhali umejaa makovu ya zana. Akiutoa ubao nje asubuhi, jua likiwa bado chini, kila kasoro inajitokeza. Kwa hiyo benchi usiliegemeze kwenye dirisha ukawa unatazama nje, bali liweke kiubavu, ili mwanga uingie kutoka kushoto au kulia kwako na kupita juu ya kazi. Ongeza taa moja yenye mkono unaokunjika, ambayo unaweza kuishusha hadi karibu na uso wa benchi na kuizungusha upande wowote. Taa ya dari ibaki kwa ajili ya kufagia na kutafuta vitu vilivyoanguka.

Chini ya dirisha lenyewe weka rafu nyembamba ya kunolea. Hapo ndipo mahali pekee katika chumba panapostahili kutazamana na mwanga moja kwa moja, kwa sababu makali husomwa kwa mng'ao: ukiielekeza ncha ya bobari dirishani na kuona mstari mwembamba mweupe unaometa, basi hapo pana ubutu, maana ukingo uliochongoka sawasawa hauna uso wa kurudisha mwanga na huonekana mweusi.

Kuhusu benchi, watu wengi hunakili kimo cha benchi la seremala, ambalo kwa kawaida huwa na sentimita 85 hadi 90 kwa sababu seremala anaposukuma randa anahitaji kuuegemeza mwili juu ya kazi. Mchongaji hasukumi namna hiyo; anasimama wima, anatazama kwa karibu, na mikono yake hufanya kazi mbele ya tumbo na kifua, kwa hiyo benchi la chini humpinda mgongo kabla ya adhuhuri. Simama wima, kunja kiwiko, kisha pima kutoka sakafuni hadi kiwikoni: uso wa kazi, wala si uso wa benchi, uwe chini kidogo ya kipimo hicho, tuseme kwa sentimita tano hadi kumi. Mtu mwenye urefu wa sentimita 170 atajikuta akihitaji benchi la karibu sentimita 95 hadi 100 kwa paneli nyembamba. Sanamu inayosimama wima haiwezi kuchongwa juu ya benchi hilohilo bila kuiinua mikono hadi usoni, kwa hiyo tafuta pia gogo zito la kimo cha kiunoni au chini yake, ambalo litakufaa pia kwa kazi ya tezo, endapo utapenda kukata umbo la awali kwa njia hiyo.

Ukubwa wa benchi si jambo la kukunyima usingizi: sentimita 120 kwa 60 zinatosha. Uzito ndio muhimu. Uso uwe na unene wa milimita 60 au zaidi, miguu iwe minene na itanuke kidogo kuelekea chini, na katika rafu ya chini uweke mifuko ya mchanga au mawe. Kila pigo la nyundo linaloishia kulitikisa benchi ni nguvu iliyopotea, na pia ni pigo ambalo hukulikusudia liende huko lilikokwenda. Acha nafasi ya kupita pande tatu za benchi, isiyopungua sentimita 70, kwa kuwa nyuzi za mti hubadilisha mwelekeo na mara nyingi ni rahisi zaidi wewe kuizunguka kazi kuliko kuifungua, kuigeuza na kuibana upya. Kama sakafu ni ya saruji, tandika mbao au mpira mzito mbele ya benchi, maana bobari hupenda kuanguka kwa ncha.

Sasa kuubana mti. Kanuni ambayo sitaki uivunje hata siku moja ni kwamba mtu anayetumia bobari huishika kwa mikono miwili: mkono wa nyuma husukuma, na mkono wa mbele, ambao umelazwa juu ya mti, huelekeza na kuzuia. Mkono wa mbele ndio breki. Ukishaanza kuushika mti kwa mkono mmoja na kusukuma zana kwa mkono mwingine, umeondoa breki na kuweka kiganja mahali ambapo chuma kinaelekea, na majeraha mengi mabaya katika kazi hii hutokea namna hiyo. Kisu peke yake ndicho kinachoruhusu mti ushikwe mkononi, na hata hapo mkono unaoshika mti uvae glavu isiyopenya makali.

Njia za kubana ni nyingi na nyingi kati yake hazigharimu kitu. Paneli inaweza kuzungushiwa vipande vyembamba vya mbao vilivyofungwa kwa skurubu kwenye ubao mkubwa zaidi, kisha kabari mbili zikagongwa upande mmoja zikaikaza. Ubao huo mkubwa ndio unaobanwa kwenye benchi, na faida yake ni kwamba hakuna kichwa cha klampu kinachosimama juu ya uso na kuzuia bobari isipite. Sanamu ndogo hubanwa kwa skurubu nene inayopenya kutoka chini ya benchi kupitia tundu na kuingia kwenye kitako cha mti, kisha ikakazwa kwa nati. Ukitaka kuigeuza, unalegeza nati, unazungusha sanamu, unakaza tena. Kumbuka tu kuacha sentimita tatu au nne za ziada chini ya sanamu, ambazo zitakatwa mwishoni pamoja na tundu lake. Nakshi nyembamba sana, ambayo ingevunjika ikibanwa ubavuni, hugandishwa kwa gundi kwenye ubao wa chini huku karatasi ya gazeti ikiwa katikati: gundi hushika barabara kiasi cha kustahimili bobari, lakini kazi ikiisha unaingiza kisu kipana kwenye ukingo na karatasi inapasuka katikati ya unene wake bila kuudhuru mti. Jiliwa la chuma ni zuri kuwa nalo, ila mashavu yake yavalishwe mbao au ngozi, vinginevyo litaacha alama kwenye kila kitu unachokiheshimu.

Nakuja sasa kwenye kunoa, ambako nitakaa kidogo, kwa sababu wengi wanaoacha uchongaji katika miezi ya mwanzo hudhani wameshindwa na mti kumbe wameshindwa na makali. Bobari inayouzwa mpya mara nyingi imesagwa tu, haijanolewa; haina makali ya kuchongea, na anayeitumia ilivyo analazimika kuongeza nguvu, na nguvu hiyo ya ziada ndiyo inayomtoroka mti unapokatika ghafla. Unahitaji jiwe la ukali wa 1000, jiwe la ukali wa 6000 au karibu na hapo (namba ikiwa kubwa, chembe za jiwe ni ndogo zaidi), kipande cha ngozi ngumu kilichogandishwa juu ya ubao na kupakwa dawa ya kung'arishia, ambayo kwa kawaida ni ile ya kijani yenye oksidi ya kromiamu, na kijiwe chembamba chenye ukingo wa mviringo kwa ajili ya upande wa ndani wa bobari.

Mteremko ulionolewa wa bobari uwe na pembe ya kati ya digrii 20 na 25 kwa mbao laini, na ufike digrii 30 hivi kwa mbao ngumu, kwa sababu ukingo mwembamba mno hukatika vipande vidogovidogo unapogongwa kwenye mti mgumu. Mteremko huo uwe bapa tangu kisigino, yaani mwisho wake wa nyuma, hadi ncha, usiwe na tumbo, kwani bobari huteleza juu ya mteremko wake na kuufuata. Ukiwa na tumbo, hujui chuma kitaingia mtini kwa pembe ipi, na utajikuta ukiuinua mpini juu zaidi ili ikate. Unapoinoa, ilaze ikivuka jiwe, uisogeze kushoto na kulia, na wakati huohuo uzungushe kifundo cha mkono ili kila sehemu ya tao lake iguse jiwe kwa muda ulio sawa. Wanaoanza hukaa mno katikati na kusahau kona mbili, au kinyume chake, na ncha ambayo ilipaswa kuwa mstari ulionyooka inakuwa ulimi au pengo. Ukiona hivyo, isimamishe bobari wima juu ya jiwe na kuisugua hadi ncha inyooke tena, kisha uanze upya kwa kuufuata ule mstari mweupe hadi uishe.

Utajua kwamba umefika ukingoni utakapohisi upande wa ndani utando mwembamba wa chuma uliojikunja. Huo unauondoa kwa kile kijiwe cha mviringo, ambacho pia kinaweza kuweka mteremko mdogo wa ndani, ambao huupa ukingo nguvu na kuiwezesha bobari kufanya kazi ikiwa imegeuzwa mgongo juu. Kisha malizia kwa ngozi, ukiivuta zana kurudi nyuma peke yake, wala usiisukume mbele, maana itaikata ngozi na kujiviringisha ukingo. Kipimo cha mwisho si kunyoa nywele za mkono kama baadhi ya mafundi wanavyopenda kuonyesha. Chukua kipande cha mbao laini, ukate kukatisha nyuzi zake, na uutazame mfereji uliouacha: uking'aa kama uliopakwa nta, kazi imekamilika; ukiwa na mstari mweupe unaokwaruza kutoka mwanzo hadi mwisho, ukingo una pengo dogo mahali hapo hasa. Baada ya hapo rudi kwenye ngozi kila baada ya dakika 15 au 20 za kuchonga, kabla hujahisi ubutu, na jiwe hutalihitaji kwa muda mrefu.

Jiwe la umeme linalozunguka kavu ni la kurekebisha zana iliyovunjika, si la kunoa kila siku. Chuma cha kaboni kikigeuka rangi ya buluu, kimefikia karibu digrii 300 za Selsiasi, na hapo ugumu wake umekwisha. Sehemu hiyo haitashika makali tena mpaka isagwe yote iondoke. Ukilazimika kulitumia, weka chombo cha maji karibu na uichovye zana kila baada ya mguso mfupi.

Baada ya hayo ndipo tunaweza kuzungumza juu ya zana zenyewe. Namba zinazochongwa kwenye shingo ya bobari zina asili yake katika orodha za watengenezaji wa Sheffield, Uingereza, katika karne ya 19, na ukizielewa hutauziwa kitu usichokihitaji. Katika mpangilio huo, namba 1 ni patasi bapa, namba 2 ni patasi ya ncha mshazari, kisha kuanzia 3 hadi 9 tao linazidi kuwa kali, kutoka lile linalokaribia ubapa hadi lile linalokaribia nusu duara. Namba 10 na 11 ni mifereji mirefu yenye kuta zilizosimama, na namba 39 ni ile yenye umbo la herufi V kwa pembe ya digrii 60. Namba haielezi upana: bobari mbili za namba 5, moja ya milimita 8 na nyingine ya milimita 20, hutwaa sehemu ileile ya duara, ila duara la ile pana ni kubwa zaidi. Watengenezaji wengine hutofautiana kwa namba moja hivi, kwa hiyo usiagize kwa namba peke yake. Bonyeza ncha ya zana unayoijua kwenye kadibodi, upate alama ya tao lake, na ulinganishe.

Kwa sanamu ndogo na nakshi ningeanza na namba 3 ya milimita 16 hadi 20 ya kulainishia, namba 5 ya milimita 12, namba 7 ya milimita 14 ya kutolea mti mwingi, namba 9 ya milimita 8 hadi 10, namba 11 ya milimita 3 kwa mistari na majani, na ile ya V ya milimita 6, pamoja na kisu kimoja chenye makali ya sentimita nne na nyundo ya mbao ya mviringo yenye uzito wa kati ya gramu 500 na 700. Nyingine utainunua siku ambayo mchoro wako una tao ambalo hakuna zana yako inayolitoshea, na siku hiyo utaijua kwa namba na kwa upana bila kumuuliza mtu. Seti ya 24 hukupa zana nyingi zinazokaribiana sana na kukosa zile zilizo tofauti, tena zote zinataka kunolewa kabla ya kuanza, na mara nyingi chuma chake ni cha kuridhisha macho tu. Ningekushauri utazame pia zana kuukuu: mradi upande wa ndani karibu na ncha hauna mashimo ya kutu, haujawahi kuchomwa ukawa buluu, na urefu wa chuma uliobaki unatosha, bobari ya miaka mingi inaweza kuwa bora kuliko mpya ya bei hiyohiyo.

Zipange nyuma ya kazi zikiwa zimelala, ncha zikikuelekea wewe na mipini ikielekea mbali. Seremala atashangaa, lakini mchongaji huichagua bobari kwa kuliona tao lake, na mipini yote hufanana. Ukiona unachanganya hata hivyo, valisha mipini ya mbao tofauti au uichonge kwa maumbo tofauti.

Kuhusu grenda, sababu ya kuikataa si kwamba ni ya uvivu, kama wasemavyo baadhi ya wakongwe, bali ni kwamba kisahani cha meno kikikwama mtini hurusha mashine nzima kwa kasi ambayo mkono haujibu, na kwamba katika chumba cha mita 12 za mraba vumbi lake litatua juu ya mawe ya kunolea, juu ya kazi iliyopakwa mafuta, na ndani ya mapafu yako. Itakapofika siku ya kuihitaji, itumie nje, na usivae glavu zinazolegea karibu na kitu kinachozunguka.

Uchongaji wa mkono una faida ambayo haisemwi vya kutosha: hutoa maranda na vipande, ambavyo huanguka chini, wala hautoi vumbi jingi linaloelea. Vumbi huja na msasa na mashine. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliorodhesha vumbi la mbao mwaka 1995 katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani vilivyothibitishwa, hasa ya tundu la pua na uwazi uliomo kwenye mifupa ya kando yake, kwa hiyo unapopiga msasa vaa barakoa ya kiwango cha FFP2 au N95, na usafishe kwa kitambaa chenye unyevu badala ya kupeperusha kwa ufagio mkavu. Mimi ningeenda mbali zaidi na kusema kwamba msasa upunguzwe kadiri iwezekanavyo, maana uso uliokatwa na bobari kali una uhai ambao msasa huufuta, tena chembe za msasa zilizobaki mtini huharibu makali ukirudi kuchonga mahali hapo. Jambo jingine la usalama ni vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani: mafuta hayo hukauka kwa kuungana na oksijeni, na kuungana huko hutoa joto, kiasi kwamba kitambaa kilichofinyangwa na kutupwa pembeni juu ya maranda kinaweza kuwaka chenyewe. Kitandaze nje kikauke kikiwa kimenyooshwa, au kiloweke kwenye ndoo ya chuma yenye maji.

Mti wa kuanzia uwe laini na wenye nyuzi za karibukaribu zisizo na ubishi. Katika Ulaya mti wa linden ndio ulioshika nafasi hiyo tangu zamani. Ndio alioutumia Tilman Riemenschneider, mchongaji wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1531, na ndio uliomwezesha Grinling Gibbons, mchongaji wa Uingereza aliyeishi kati ya 1648 na 1721, kuchonga maua membamba kiasi cha kushangaza. Jakaranda nayo huchongeka vizuri. Msaji ni mzuri kwa macho lakini una silika (chembe ngumu kama za mchanga) ndani yake, na utakurudisha kwenye jiwe mara kwa mara. Mpingo uuache kwa ajili ya mwaka wako wa pili au wa tatu: uzito wake mara nyingi hufikia kilo 1,200 au zaidi kwa mita moja ya ujazo, ndiyo maana huzama majini, na unadai pembe kubwa ya makali na subira kubwa zaidi. Tena karibu jenasi yake yote, Dalbergia, imo tangu Januari 2017 katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya spishi zilizo hatarini, kwa hiyo anayefikiria kuuza nje ya mipaka ajifunze masharti kabla hajanunua gogo.

Unyevu ndio unaovunja mioyo. Mti mbichi hauanzi kusinyaa mpaka unyevu wake ushuke chini ya asilimia 30 hivi ya uzito wake mkavu, lakini ukianza, husinyaa kwa kuzunguka duara la shina karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka kiini kwenda kwenye gome, kwa wastani asilimia 8 kwa 4, huku kwa urefu ukibadilika kwa sehemu ndogo tu ya asilimia moja. Tofauti hiyo ndiyo inayopasua gogo zima lenye kiini chake, hata ulitunze vipi. Lipasue katikati, ukiondoe kiini, upake nta au rangi nzito kwenye ncha mbili zilizokatwa, kisha upange vipande kivulini vikitenganishwa na vijiti ili hewa ipite. Mafundi husema mwaka mmoja kwa kila milimita 25 za unene, na kwa makadirio si vibaya, ila mizani ni mkweli zaidi: pima kipande kila mwezi na uandike uzito juu yake, na ukiona haupungui tena, kimekauka kadiri hewa ya mahali hapo inavyoruhusu. Sanamu nene inaweza kuokolewa kwa kuitoboa mgongoni na kuiacha tupu ndani, kama walivyofanya wachongaji wa Ujerumani wa karne ya 15 kwa sanamu zilizokuwa zikiegemea ukuta. Katika chumba chako weka mbao za kazi mbili au tatu zijazo tu, ili zizoee hewa ya humo. Ghala lisikunyang'anye mahali pa kusimama.

Imebaki siku yako kwa fundi, ambayo ina thamani kuliko kitu chochote nilichokitaja. Usianze kutazama sanamu zilizokamilika, kwa kuwa hizo zimeshafutiwa habari zote. Tazama sakafu: maranda marefu yaliyojikunja na kung'aa yanakuambia kwamba zana zake ni kali na kwamba anaufuata uzi wa mti, na vumbi na vipande vilivyovunjika vinakuambia kinyume chake. Tazama ni zana zipi zimelala karibu na kazi na zipi zina vumbi kwenye mpini. Utashangaa jinsi zile za karibu zilivyo chache, hata kama ukutani ziko mia. Muombe akuonyeshe kazi zilizoachwa njiani, maana humo utaona mpangilio wake: anatoa mti wapi kwanza, anaacha unene kiasi gani puani na mikononi mwa sanamu hadi dakika ya mwisho, na mchoro anauchora upya mara ngapi baada ya kuukata. Muombe pia akuonyeshe zilizopasuka, na akueleze mti ulikuwa wa namna gani na ulikauka wapi. Maswali hayo mafundi huyapenda kuliko yale ya bei na vanishi. Angalia anavyosimama, miguu ikiwa wapi, na kama anasukuma kwa mkono au kwa mwili wote. Zana yake usiiguse bila ruhusa, na makali usiyajaribu kwa kidole gumba.

Kisha, kabla ya kuaga, toa bobari yako moja uliyoinoa mwenyewe nyumbani, hata kama unaionea haya, na umwombe aikate nayo mbao mara moja mbele yako. Akiirudisha bila kusema kitu, muulize ukingo una kasoro wapi. Akikaa nayo kwenye jiwe, kaa karibu naye na uangalie kifundo cha mkono wake, si chuma.